Jicho la Fundi Limevilia Damu

Benchi la nje kwa Kinyozi lilikuwa limejaa asubuhi ile, kahawa ndiyo kwanza inamiminwa, Fundi cherehani alipofika kavaa miwani ya jua na mawingu yametanda. Alipoivua, sote tulimsogelea. Nusu ya weupe wa jicho lake la kushoto ilikuwa nyekundu, damu tupu. Alisema haliumi na anaona vizuri, lakini kahawa tuliyompa hakuigusa. Fundi bila macho atatungaje uzi?

— Umepigwa, akasema Kinyozi.

— Na nani? Nimeamka hivi. Jana nilipiga chafya mfululizo, vumbi la vitambaa.

— Chafya haipasui jicho, akasema Breki, dereva mstaafu. Jicho ni kama tairi. Umeshona nguo nyeusi mno, limepata joto, likapasuka.

— Mbona damu haitoki nje? akauliza Fundi.

— Damu nzito kuliko maji, ndugu yangu. Itatiririkaje?

— Mimi nasema ni cherehani mpya ya jirani yako, akasema Kinyozi. Umeikodolea sana. Tamaa mbele, jicho nyuma.

— Au ndoto, akasema Breki. Ndoto kubwa ikipita kasi kwenye jicho dogo, lazima ikwaruze.

Tulicheka. Fundi hakucheka.

— Jamani, nitapofuka?

Hapo ndipo mkewe alipotokea, kamfuata mbiombio.

— Shemeji zangu, muda wote huu mnaongea. Nani kampima presha?

Kinyozi akakuna kidevu. Breki akatazama ndani ya kikombe. Mimi nikafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Tukaenda naye zahanati, sote. Muuguzi akalimulika jicho, akasema ni kimshipa tu kimepasuka. Chafya inatosha, au kikohozi, au kulifikicha. Damu itafifia yenyewe. Akampima presha: iko sawa. Fundi akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea.

Breki naye, kwa utani, akanyoosha mkono wake. Muuguzi akapima, akapima tena, kisha akamvutia kiti.

— Mzee, wewe kaa kwanza. Yako iko juu. Bahati umekuja mapema, tutaishusha.

— Lakini macho yangu meupe kabisa, akasema Breki kwa sauti ndogo.

Fundi akaketi kando yake, akamshika bega.

— Basi shukuru langu limekuwa jekundu kwa niaba yako.

Na yeye ndiye aliyeanza kucheka.