Daktari Aliyeng'oa Makufuli

Ndani ya treni, mama mmoja alimwonyesha mzee wa pembeni picha kwenye jalada la kitabu. "Daktari wa akili huyu. Mwandishi pia. Ndiye aliyeng'oa makufuli wodini. Mdogo wangu, aliyekuwa amefungiwa humo, alitoka mwenyewe, akaja kupiga hodi nyumbani. Sasa ana watoto."

"Wenzake si walimwita kichaa?"

"Wivu tu, baba! Mwanamke akifungua mlango, wanasema kavunja."

Mimi, niliyekaa mbele yao nikijifanya nimesinzia, nilifungua jicho moja.

"Mdogo wangu naye alikuwa wodi hiyo, mwanangu," mzee alisema taratibu. "Alitoka. Hajafika mpaka leo. Mama yetu amekufa hajawahi kuufunga mlango."

Treni ikasimama, milango ikafunguka yenyewe. Hakuna aliyetaka kutangulia kutoka.