Mwanaisha wa Misima na Magodoro Uwanjani

Wasikilizaji wapendwa, kama una kazi mkononi, iweke chini kidogo. Leo tunamkumbuka Mwanaisha Mhina, binti wa Misima, Handeni. Alikuwa mwanafunzi wa ualimu hapa Korogwe. Alikuwa Mzigua, mtoto wa wakulima. Nalitaja mapema, kwa sababu wengi walimlaumu kwamba amewasaliti Wazigua wenzake.

Mwaka jana, mahindi yakiwa yamekomaa, wakulima wa Kizigua na wafugaji wa Kimasai waligombana. Watu waliumia. Ng'ombe waliingia shamba la Jabiri, kaka yake Mwanaisha, wakalimaliza lote. Ugomvi ukafika chuoni. Bwaloni, wanafunzi Wamasai wakaachiwa meza yao peke yao. Kisha uongozi ukawahamishia bweni la peke yao. Ukasema ni kwa usalama wao.

Mwanaisha alikuwa akilala chumba kimoja na Nashipai, msichana wa Kimasai. Siku Nashipai alipohamishwa, Mwanaisha alibeba godoro lake mwenyewe, akalitandika uwanjani mbele ya ofisi.

Wenzake wakamzomea. "Kaolewa na Wamasai huyo, subirini mahari ya ng'ombe."

Akawajibu, "Mtaalikwa. Njooni na visu vyenu."

Kufika jioni, magodoro yalikuwa mengi. Ya Wazigua, ya Wasambaa, ya Wamasai. Hawakuingia darasani. Walidai jambo moja tu: vyumba vichanganywe kama zamani.

Mwanaisha akasimamishwa masomo, akarudi Misima. Jabiri mwenyewe ametusimulia. "Nilimwambia, mahindi yangu yameliwa, nawe unawatetea. Akanijibu, kaka, Nashipai hajala hata hindi lako moja. Nikaondoka. Hatukusemeshana tena."

Baadaye chuo kikakubali. Vyumba vikachanganywa. Mwanaisha akaitwa arudi. Asubuhi ya safari mvua ilikuwa imenyesha. Bodaboda aliyopanda iliteleza kabla ya kufika barabara ya lami. Mwanaisha akafariki palepale.

Wasikilizaji wapendwa, Nashipai alikuja msibani Misima na wanafunzi wenzake. Hakuuliza mtu. Alimnyang'anya mpishi mwiko, akajipaka unga usoni, akasema kwa sauti, "Mvivu huyu. Zamu yake ya kudeki ilikuwa imefika, kaona afadhali afe."

Jiko zima likageuka kumtazama. Maneno kama hayo msibani ni ya watani wa marehemu. Pale hakuna aliyewahi kumsikia Mmasai akiyasema. Mama mmoja akataka binti yule atolewe.

Mama Chausiku, mzazi wa Mwanaisha, alikuwa mkekani. Akasema, "Mwacheni. Mwanangu alinieleza. Walipeana utani wenyewe hukohuko chuoni." Akacheka kidogo. Kicheko kikageuka kilio, na Nashipai akaangusha mwiko, akamkumbatia.

Jabiri akaja mlangoni. Watu wakadhani amekuja kumtoa Nashipai. Akasimama, akawatazama. Kisha akachukua ndoo, akaenda kuwatekea wageni maji ya kunawa.

Kwako Mama Chausiku, kwako Jabiri, na kwa ukoo wote wa Mhina, poleni sana. Tunalia nanyi. Mungu amrehemu Mwanaisha.

Nawe unayenisikiliza, fikiri leo. Ni nani umemwachia meza peke yake kwa sababu ya kabila lake? Usinijibu mimi. Nenda ukakae naye.

Chumba kile kipo. Nashipai analala humo na wasichana wa Kizigua na wa Kisambaa. Siku ile aliyotarajiwa kurudi, kitanda cha dirishani walimwekea Mwanaisha, wakamtandikia shuka, wakamngoja mpaka giza likaingia.