Mzee Kalonda na Safari Isiyo na Tone la Esanse

Baba wachungaji na baba mashehe, wazee wetu na mama zetu, vijana wa Kasongo, wageni wa Nyangwe, wa Wamaza na wa Salamabila, familia inawaomba msogee karibu na kaburi hili, karibu kuliko ilivyo desturi, kwa maana maisha haya yatasomwa kwa sauti ya mtu tu, bila mikro na bila mashini ya kuipa nguvu, kama alivyoagiza yeye mwenyewe tunayemsindikiza, na kila anayesikia vizuri ampe habari aliye nyuma yake.

Marehemu Mzee Nathanaël Kalonda alizaliwa tarehe 12 Agosti 1952 huko Wamaza, katika teritori ya Kabambare, mtoto wa nne wa baba Sumaili Kalonda, mkulima wa mpunga, na mama Feza, na waliokuwako walisimulia kwamba alizaliwa alfajiri, taa ya mkunga ikazimika kwa kukosa mafuta kabla kitovu hakijakatwa, jambo ambalo yeye, alipokuwa mtu mzima, alilihesabu kuwa ndio mkutano wake wa kwanza na kuisha kwa mafuta.

Alianza masomo ya msingi katika shule ya misheni huko Wamaza mwaka 1959, akayaacha mwaka 1964 vita vilipowakimbiza watu porini, akayarudia na kuyamaliza mwaka 1967, kisha akaletwa Kasongo na mjomba wake kujifunza ufundi wa mashini, akapata cheti chake tarehe 30 Juni 1970, na walimu wake waliandika kwamba mwanafunzi huyu ana mikono mizuri, ana masikio mazuri zaidi, na anazungumza kupita kiasi.

Siku ya Jumatatu, tarehe 4 Januari 1971, aliajiriwa na kampuni ya pamba iliyokuwa Kasongo wakati ule, akapewa kuchunga mashini kubwa iliyochambua pamba mchana na kuwasha taa za mtaa wa wafanyakazi jioni, na kwa miaka ishirini akaisikiliza kama mama anavyomsikiliza mtoto mchanga, hata akaweza kusema, akiwa amelala mkekani kwake, kwamba valvu ya tatu imechoka, au kwamba mafuta yaliyoletwa leo si safi. Ndiyo sababu, alipofunga ndoa na mama Odile siku ya Jumamosi, tarehe 17 Julai 1976, bwana arusi alitoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho, akiwa na koti lake jeusi, akakimbia kwenda kuwasha taa, na mama Odile akapiga picha ya arusi peke yake, picha ambayo iko ukutani hadi leo, na kando yake pana nafasi ya mtu mmoja.

Mungu aliwajalia watoto watano, wawili wametangulia, na waliobaki ni Joël, aliyezaliwa mwaka 1978, Émérance, aliyezaliwa mwaka 1981, na Olga, aliyezaliwa mwaka 1986, pamoja na wajukuu kumi na wanne.

Katika miaka ile marehemu aliona kwa macho yake kitu ambacho wengine tulikisikia tu, kwamba nguvu ya mashini haiondoki kwa kishindo bali hupungua kidogo kidogo, kwa sababu mapipa ya mafuta yaliyofika kila mwezi yalikuwa mengi, yakawa machache, yakawa mawili, yakawa moja, mpaka Ijumaa ya tarehe 29 Novemba 1991, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, alipoushusha mkono wa kuizimia, akidhani ni kwa juma moja. Aliendelea kuipaka mashini ile grisi kila Ijumaa kwa miaka sita, bila kuagizwa na mtu, na Ijumaa aliyoacha alirudi nyumbani, akakaa, akamwambia mama Odile kwamba sasa amefahamu, si mashini hii peke yake, zote zitafuata, na watu hawajajitayarisha.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Jumapili ya Kuzima, baraza ambalo wengi wenu mlilihudhuria na wengi zaidi mlilicheka. Baraza la kwanza liliitishwa tarehe 7 Juni 2009, na mpiga mbiu alipita mitaani akitangaza kwamba kuna mkutano wa mafuta kwa Mzee Kalonda, watu wa Kasongo wakakumbuka jinsi mashirika ya misaada yanavyoita watu na kile yanachogawa, wakaja mia mbili na zaidi, kila mmoja na bidoni lake, dumu tupu la kutilia mafuta, wakapanga mstari tangu mlangoni hadi barabarani. Marehemu hakuwa na tone la kugawa, lakini alikuwa na mikro ya kuazima na jenereta ndogo ya kuiendesha, akasimama mbele ya mabidoni yale akasema, "Ndugu zangu, siku moja mafuta itaisha," na pale pale, kabla hajafunga kinywa, jenereta ikakohoa ikazimika, mikro ikanyamaza, na umati wote ukapiga makofi kwa muda mrefu, ukiamini kwamba mzee amepanga mambo yake kwa ustadi mkubwa. Ukweli aliujua mama Odile peke yake, kwamba mumewe alisahau kujaza tangi.

Aliyecheka kuliko wote siku ile ni mzee Iliasi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, muuza esanse, yaani petroli, kwa chupa kando ya barabara, Mwislamu wa familia ya zamani ya Kasongo, rafiki wa marehemu tangu ujana wao, aliyehudhuria kila Jumapili ya Kuzima bila kukosa, akikaa mstari wa mbele, ili apinge. Mzee Iliasi, aliyemwita yaya, yaani kaka, alikuwa akisema, "Yaya Nathanaël, unaniulia biashara," na marehemu alijibu, "Siiui, ninaizika mbele ya wakati, ili usihangaike na matanga."

Siku ya Jumapili, tarehe 2 Februari 2014, mbele ya watu wote, mabishano yao yalifika mahali ambapo leo pametuleta hapa. Mzee Iliasi alisema, "Yaya, mafuta haitaisha, ni weye ndiyo utaisha mbele," na watu wakacheka, naye marehemu akasimama, akainua mkono wa kuume, akaapa kwamba tangu siku ile mwili wake hautapokea msaada wa mashini inayokunywa mafuta, si kwa safari, si kwa kazi, wala kwa kwenda kaburini, hata tone moja, na kwamba akivunja neno hilo basi Jumapili zote zilizopita zihesabiwe kuwa porojo. Mzee Iliasi akamtazama toka kichwani hadi miguuni, kwa kuwa marehemu alikuwa mtu wa kilo mia moja na kitu, akauliza, "Na ule mwili, ni nani ataubeba?" Marehemu akajibu, "Weye, kwa bega ya kuume, mbele." Mzee Iliasi akakubali, akidhani anatania.

Mtu aliyejifunga hivyo alikuwa na taabu yake, maana mwana wake wa kwanza, Joël, alikuwa tayari rais wa chama cha motari, waendesha pikipiki wa Salamabila, kijana anayesafiri juu ya esanse, anayekula kwa esanse, na baba yake alipokwenda kumtembelea alitembea kwa miguu siku nyingi, Joël akimfuata nyuma na moto, pikipiki yake, iliyokwenda polepole, akimsihi, "Papa, panda hata kidogo tu, hakuna mutu anaona," naye akijibu, "Mimi ninaona." Lakini msidhani kwamba baraza lake lilizaa vicheko tu. Mtaani kwetu arusi zilihamia mchana, chakula kikaliwa kikiwa cha moto, na ngoma zilizokuwa zimesahauliwa zikashushwa darini, na wamama, ambao katika mikutano mingine hukaa nyuma na kupika, walipewa nusu ya kwanza ya kila baraza, kwa sababu marehemu alisema kwamba kuni, maji na kinu viko mikononi mwao, kwa hiyo wao ndio mainjinia wa nchi hii. Na mwaka 2018, daraja lilipoanguka na esanse ikakosekana Kasongo kwa majuma saba, vinu vyote vya mashini vilinyamaza, isipokuwa kile ambacho marehemu alikifunga kwenye baiskeli ya zamani, kikasaga mihogo ya mtaa mzima, na aliyekanyaga pedali kwa majuma yale saba ni mzee Iliasi, aliyekuwa hana cha kuuza, akapungua tumbo, akapendeza, na hakumsamehe marehemu kwa hilo kwa muda mrefu.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, na hapa familia inaomba uvumilivu wenu, kwa sababu kuna jambo tulilolificha miaka karibu mitatu. Siku ya Jumatano, tarehe 23 Machi 2022, marehemu alishikwa na ngiri iliyojisokota, akafikishwa hospitali kwa machela, juu ya mabega, kama alivyotaka, na daktari akasema lazima apasuliwe siku ile ile. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, betri za jua zilikuwa tupu, barabara ilikuwa imekatika, na jenereta ya chumba cha upasuaji haikuwa na cha kunywa. Marehemu, akiwa amekunjamana kwa maumivu, alisema atangoja jua, na daktari akamwambia kwa upole, "Mzee, jua itatoka kesho, lakini weye hauna kesho," naye akarudia kwamba ameapa mbele ya watu, na kwamba watu walibadili arusi zao kwa ajili ya neno lake.

Mama Odile alitoka nje kwenye mvua, akamkuta mzee Iliasi amesimama chini ya paa na bidoni la lita ishirini, lile la mwisho alilokuwa amelificha kitandani kwake, na hakusema lolote ila, "Shemeji, usimwambie ni mimi." Mama Odile akarudi ndani, akamwinamia mumewe, na huku mvua ikipiga mabati kwa nguvu hata wauguzi wakaongea kwa vidole, akamwambia sikioni, "Baba Joël, jua imetoka." Marehemu alimtazama mke wake, akatazama mabati, akafumba macho, akasema, "Basi, tuende." Alipasuliwa, akapona, akarudi kwenye Jumapili zake akihubiri uwezo wa jua, na sisi wote tukatazama chini.

Aliishi hivyo mpaka moyo wake ulipoanza kuchoka mwezi wa Desemba uliopita, akatibiwa nyumbani, na akafariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, mkono wake mmoja ukiwa kwa mama Odile na mwingine kwa mzee Iliasi, ambaye alikuwa katikati ya kumpinga jambo fulani.

Jana mchana, tulipofungua daftari lake ili tupate tarehe hizi, kwa maana aliagiza historia yake isomwe bila uongo, tulikuta ukurasa wa Machi 2022, na tunausoma kama ulivyo: "Leo wamenipasua. Odile amesema jua imetoka. Nimesikia mashini ikiwashwa upande wa magharibi, silinda moja, imekohoa mara tatu mbele ya kushika, na Kasongo muzima esanse ya kukohoa hivi ni ya mutu mumoja tu. Nimevunja neno langu na nimefurahi. Wasijue kama ninajua, watapata haya. Iliasi asidai kusamehewa, deni ya bega iko palepale." Mzee Iliasi alikuwa amekaa nasi tukisoma, akalia kama mtoto, akajipangusa kwa kanzu yake, kisha akasema, "Mama Odile, ile niliyochanganya katika esanse haikukuwa maji, ilikuwa mafuta ya taa kidogo tu."

Basi familia ilikubaliana kwamba kama neno lilivunjika mara moja kwa ajili ya uhai, lisivunjike mara ya pili kwa ajili ya fahari. Motari arobaini na mmoja walikuwa wamefika kutoka Salamabila, tayari kumsindikiza baba wa rais wao kwa honi na moshi, kama wanavyoheshimiwa wakubwa, na Joël, aliyeitamani heshima hiyo kuliko mtu yeyote, alipita asubuhi hii na kapu la mama yake, akakusanya funguo zote, akaanza na ufunguo wake. Mmeona wenyewe kilichofuata, moto arobaini na mmoja zikisukumwa kwa mikono kuupanda mlima huu, zimenyamaza, madereva wakitoka jasho na kugundua uzito wa kitu ambacho siku zote huwabeba, na mbele yao jeneza, na mbele ya jeneza, bega la kuume, mzee Iliasi, umri wa miaka sabini na mmoja, goti moja bovu, aliyekataa kupokewa mara nne, na aliyesikika njia nzima akilalamika kwamba wali wa mama Odile, alioula marehemu miaka yote, ndio umemlemea.

Familia inamshukuru daktari aliyesema ukweli na wauguzi walionyamaza, inawashukuru majirani waliochota maji na kutafuta kuni, wakanyaga kinu waliosaga unga wa matanga haya, wafanyakazi wa zamani wa pamba waliokuja na vyeti vyao mifukoni, wakristo na waislamu mliochimba kaburi hili kwa zamu, na motari wa Salamabila, ambao tunawajulisha kwamba funguo zenu ziko salama katika kapu la mama Odile, hatazirudisha mpaka jembe la mwisho la udongo. Meza ya esanse ya mzee Iliasi imefungwa leo, kwa mara ya kwanza bila daraja kuanguka.

Lala kwa utulivu, Mzee Kalonda. Umebebwa mpaka hapa kwa mabega, hata tone moja halikutumika, na aliyekuwa akikupinga ameshika mbele. Sikiliza vizuri kwa masikio yako yale: mashini zote zimezimwa.