Vichochoro, Dereva wa Vifurushi, na Funguo za Gari Lake

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi madereva mliosimama kule nyuma na kofia mikononi, sisi wadogo zake tumepewa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, mliyezoea kumwita Vichochoro, na tutayasoma yote, hata yale ambayo mwenyewe angetukanyaga mguu ili tunyamaze.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1957, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la mama yetu, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Januari 1965 alianza darasa la kwanza katika shule iliyo ng'ambo ya reli, ambako aliandikiwa kuchelewa mara kumi na tisa kwa muhula mmoja, wala si kwa uvivu, bali kwa sababu kila asubuhi alijaribu njia mpya ya kufika, na alipomaliza darasa la saba mwaka 1971 hesabu zilikuwa zimemgomea, lakini mitaa yote ilikuwa kichwani.

Tarehe 3 Machi 1976 aliajiriwa kusambaza dawa kwa baiskeli, na mwaka 1988 akakabidhiwa gari dogo la kampuni ya vifurushi. Namba za nyumba hakuziamini hata kidogo, alikuwa akimpigia mteja simu na kumuuliza akifungua mlango wake anaona nini, na jibu akaliandika katika daftari lake, kwa hiyo mtu na heshima zake aliandikwa geti la bluu mbele ya fundi redio, na mama mmoja, ambaye yupo hapa leo, aliandikwa kamba ya nguo, mbwa mpole, usimwamini.

Tarehe 20 Oktoba 1984 alifunga ndoa na wifi yetu, karani wa posta, wakajaliwa watoto watatu, mabinti wawili na wa kiume mmoja.

Kampuni ilipowagawia madereva simu zenye ramani, mwaka 2014, kaka alicheka mpaka akashika mbavu, akasema yule dada wa ndani ya simu hajawahi kukanyaga tope, na kweli, mwezi huohuo ramani iliwapeleka madereva wawili kwenye daraja lililokwisha kubomolewa. Kwa hiyo mwaka 2018, alipoanza kuisikiliza simu kila kona, wenzake mlimpongeza kwamba mzee kakubali yaishe. Kumbe daftari lake mwenyewe lilikuwa halimwambii kitu tena.

Wifi aligundua tarehe 11 Februari 2019, walipokuwa wakirudi kutoka kumjulia hali mgonjwa, pale kaka aliposimamisha gari mitaa miwili kabla ya nyumba aliyoishi miaka thelathini, akaandika kwenye simu anwani ya nyumba hiyohiyo, akangoja aelekezwe. Kesho yake wifi alipanda gari akidai amechoka kukaa ndani, na kwa karibu miezi minane akawa kiti cha pembeni, akimwambia kata kushoto, kata kulia, kwa sauti ya utani, nanyi mkawaita maharusi, mkacheka, naye akacheka pamoja nanyi, huku roho iko mkononi.

Tarehe 8 Oktoba mwaka huo, mchana, wifi alishuka kumkabidhi mteja kifurushi, kugeuka, gari limekwenda. Alimpata saa tatu baadaye kwenye yadi ya mbao, ameketi nyuma ya usukani, akimuuliza mlinzi kama amemwona mke wake. Asubuhi iliyofuata kaka alifika kazini akakuta funguo hazipo kwenye msumari wake, na msimamizi akamwambia kwamba amestaafishwa.

Novemba 22 madaktari walithibitisha kwamba ni ugonjwa wa kusahau. Jamani, alisahau majina yetu, akasahau hata kwamba aliwahi kuendesha gari, ila kumnunia yule msimamizi hakusahau, na kila alipokuja na matunda kumtazama, kaka alimgeuzia mgongo. Alifariki dunia kwa nimonia tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi, wodi namba sita, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe, akiwa na umri wa miaka 65.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, na majirani mliomkuta mara nyingi kwenye mageti ya wateja wake wa zamani mkamrudisha nyumbani, nyumba hii ikimkabidhi kwa ile. Tunawashukuru madereva wenzake, na zaidi ya wote msimamizi wao, aliyesimama pale mlangoni, kwa jambo ambalo wifi ametuomba tulisome hapa, mbele ya marehemu, kwa kuwa alishindwa kumwambia akiwa hai, kila siku akijiambia kesho. Jioni ile ya tarehe 8 Oktoba ni yeye wifi aliyekwenda ofisini, akaziweka funguo mezani, akalia, akaomba mumewe asijue kamwe ni nani aliyezirudisha, na msimamizi akaibeba lawama hiyo miaka mitatu na miezi saba, akigeuziwa mgongo, bila kufungua mdomo.

Pumzika kwa amani, kaka yetu, na huyu bwana usimnunie tena.