Nailoni Iliyonata Kiganjani

Wapendwa, kabla sijasema lolote, tazameni kiganja hiki. Usigeuze uso, dada wa hapo mbele. Mimi nakiosha kila asubuhi.

Nilikuwa dobi wa memsahibu mmoja kule Lavington. Pamba na kitani nilizijua: unatemea pasi ya makaa mate, yakilia chwaa, unapiga. Siku moja akanipa blauzi mpya kutoka Ulaya, nyepesi kama ganda la kitunguu. Hakuniambia ni nailoni, nami sikuwa nimewahi kuiona. Nikaweka pasi. Nguo ikayeyuka. Nilipoinua pasi ikanifuata kwa nyuzi nyembamba kuliko za buibui, zikivutika mpaka kifuani. Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilisimama nikashangaa uzuri wake.

Memsahibu hakushangaa. "Wewe taona moto yake!" Akanishika mkono, akaukandamiza kwenye pasi ile ile. Nailoni ikaganda, ngozi ikatoka nayo. Akanifukuza, akisema nisimchafulie ngazi.

Vidole vikajikunja. Nani anataka dobi asiyeshika pasi? Hapa Uthiru majirani walinong'ona kwamba nimeiba. Mke wangu alinilisha kama mtoto, akanisugua samli na huku nikimtukana, mpaka vidole viwili vikanyooka.

Nikaenda mjini kuomba kazi ya kufagia kwa fundi mmoja wa nguo, Mhindi. Nilipomsimulia, akacheka! "Bas, wewe umeona nailoni ikizaliwa. Kiwandani iko hivyo hivyo: nayeyusha, nasukuma kwa tundu dogo, navuta." Akanipa sindano ya ndoano na soksi ndefu za kike zilizofumuka. "Vidole viwili natosha." Nikajifunza kuokota nyuzi zile, mmoja mmoja.

Juzi memsahibu akaja dukani na soksi zake. Nilizifuma hata yeye hakuona zilipofumuka. Ila alikiona kiganja, akanitambua, akatabasamu. "Unaona? Mimi nafundisha wewe kuangalia."

Nikamfungia soksi kwenye karatasi. Sikujibu, kazi naitaka.

Ninyi nitawajibu. Leo mzee mmoja wa kanisa kaniambia nimshukuru hata memsahibu, eti bila moto ule nisingefika hapa. Hapana, mzee wangu. Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu, namshukuru yule fundi aliyenicheka kisha akanifundisha. Moto haukunifundisha kitu. Ulichukua vidole vitatu, basi. Mtu akikuunguza, usimwite mwalimu.

Kumsamehe, bado. Mniombee.