Mashine Iliyokataliwa Tumati

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni vizuri, maana sikuja hapa mbele kunong'ona. Mimi ni Paulina wa Tumati, mjane wa Boay, na nimekuja kumshukuru Mungu kwa habari ya mashine. Ndiyo, mashine! Anayetaka kucheka acheke sasa amalize.

Wengi wenu mnaijua, mashine ile ya kukereza vyuma iliyoko kwangu. Ni ya zamani kweli, ya kuzungushwa kwa mkanda. Ilikuwa kwenye karakana ya shamba la ngano kule Hanang, na marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa fundi wake. Mimi nilikuwa mfagiaji wa karakana hiyo hiyo. Nilifagia vipande vya chuma vilivyojikunja, na nilipomaliza kufagia nilisimama nikimwangalia Boay anavyofunga chuma, anavyonoa kisu, anavyosogeza kidogo kidogo. Hakuna aliyenikataza kuangalia.

Ukaja wakati wa kila kitu kuuzwa. Enzi hizo Manyara haijakuwa mkoa, bado tuko Arusha. Shamba likafungwa, trekta zikaondoka, sisi tukaambiwa twende nyumbani. Boay akachukua mashine ile na injini yake ya dizeli badala ya haki zake, maana kingine cha kuchukua hakikuwepo. Tukaipandisha milimani kwa tela, mimi nimekaa juu yake naimba. Nilifurahi, ndugu zangu! Nilijua tumepata maisha.

Tulipofika nyumbani, wakati wa kuishusha, kamba ikakatika. Mashine ikamwangukia Boay. Hakufika hospitali.

Sasa ninyi wenyeji mnajua kinachofuata pale damu inapomwagika namna hiyo. Metimani! Kutengwa. Usimtembelee mtu, usichote maji mahali wanapochota wenzako, usishike chombo cha jirani. Mila ilikuwa na muda wake, na mimi niliuheshimu. Lakini muda ulipokwisha, shemeji yangu Tluway, mdogo wake Boay, akasema kwangu haujaisha. Akapita nyumba kwa nyumba akisema mashine ile imeonja damu na itataka nyingine, na kwamba maadamu imo uani kwangu, mimi na wanangu tuna mkosi. Watu wakamwamini! Hata walioketi nami benchi moja kanisani walihamia benchi la mbele. Msiinamishe vichwa, nilikuwepo, niliwaona.

Na niseme ukweli wote: hata mimi niliiogopa. Niliifunika turubai, nikawa napita mbali nayo nikienda zizini. Nilikuwa nasali huku nimeipa mgongo. Njaa ilikuwa ndani, kazi ilikuwa nje chini ya turubai, na katikati yake kulikuwa na hofu. Hicho ndicho kifungo nilichofungwa, wapendwa. Hakikuwa kingine.

Basi siku moja asubuhi naona lori linaingia. Tluway ameleta mnunuzi wa vyuma chakavu! Hakuniuliza, hakunisalimia. Ameleta na vijana wa kijiji wa kupakia. Nikamwambia, "Shemeji, hii ni mali ya watoto wa ndugu yako." Akanijibu, "Shemeji, nakuondolea mkosi, nyamaza."

Kumbe Mungu alikuwa anamsubiri! Vijana walipovuta turubai na kuona ni ile mashine, wakarudi nyuma wote. Hakuna aliyeigusa. Tluway akabembeleza, wakakataa. Akatukana, wakakataa. Mmoja akamwambia, "Si wewe uliyetuambia inaua?" Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole! Tluway akapandwa na hasira, akapiga kelele mbele ya watu wote: "Hicho ni chuma tu! Chuma tu! Kinyanyueni!"

Haleluya! Ndugu zangu, nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu mazishi, na siku hiyo nilicheka mpaka nikakaa chini. Maana ukweli wa Mungu ulitoka kwenye kinywa kile kile kilichonifunga. Chuma tu! Nikainuka, nikaenda, nikaweka mikono yangu miwili juu yake mbele yao wote. Ilikuwa ya baridi na ina kutu. Nikasema, "Umesema mwenyewe, shemeji. Sasa toka kwangu na lori lako." Likatoka bila mzigo.

Tangu siku hiyo nikaanza kazi. Nilisugua kutu kwa msasa na mafuta ya taa mpaka kucha zikaisha. Gurudumu lake la kusogezea kisu lilikuwa na mpini uliopinda kwa kuanguka. Nikaunyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Ndugu zangu wawili kutoka Bashay walikuja kunisaidia kuiweka juu ya zege, nikapima usawa kwa sahani ya maji. Niliwasha injini nikilia na kukemea, na mkanda ukashika, ikazunguka! Watu walipita njiani wakiharakisha mwendo. Nikasema harakisheni, miguu ni yenu.

Masika ikaja. Mvua ikakata barabara, na mashine ya kusaga ya Mzee Qamara, ambayo kijiji kizima tuliitegemea, shafti yake, chuma kinachoizungusha, ikakatika. Hakuna gari la kwenda mjini. Vinu vya kutwangia havikutosha; watoto wakaanza kula mahindi ya kuchemsha, wazee wasio na meno wakalala njaa. Ndipo Mzee Qamara akaja, akasimama nje ya uzio wangu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mashine ya Boay imeamka."

"Imeamka, Mzee. Ila ukitaka kazi yake, ingia ndani ukae. Sitengenezi kitu cha mtu aliyesimama uzioni."

Kisha mzee yule akaingia, akaketi kwenye kigoda changu, akapokea maji kwenye kikombe changu, akanywa. Mungu amlaze pema.

Nilikata chuma cha ekseli ya trekta. Cha kwanza nilikiharibu, nilikikereza mno kikawa chembamba. Nikamlilia Bwana, nikafunga kingine. Hicho kiliingia kwenye beringi kama kimezaliwa humo.

Siku ya kusaga watu walijaa na madebe yao, lakini wakasimama mbali. Nani atakula unga wa shafti ya Paulina? Nikasikia minong'ono. Nikabeba mahindi yangu, nikapita katikati yao, nikasema, "Anayeogopa kinu kipo, akatwange!" Nikasimama wa kwanza, peke yangu. Nasubiri kuona kama nitasimama hapo peke yangu maisha yangu yote.

Kisha mwanamke mmoja akaja nyuma yangu, mtoto mgongoni. Akasema, "Mama, nishikie debe langu nimfunge mtoto vizuri." Nikalishika. Chombo chake, mikononi mwangu, mbele ya kijiji kizima! Alipomaliza kufunga kanga alilipokea, akabaki hapo hapo nyuma yangu, na wengine wakaja nyuma yake.

Asante Yesu! Asante, wewe uliyegusa wenye ukoma bila kuomba ruhusa kwa mtu! Na wewe uliyekaa hapo leo, uliyeambiwa una mkosi, ukaambiwa usiguswe, nakuambia usisubiri waliokufunga waje kukufungua. Hawaji! Mwamini Mungu, simama, njoo hapa mbele. Mimi nitakuwa wa kwanza kukushika mkono.