Jumamosi ya Zulekha Isihaka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Bodi pamoja na wajumbe wako, Mkuu wa Chuo, masheikh na wachungaji mliotuombea dua asubuhi hii, walimu wenzangu, wazazi mliotoka Ruangwa, Lionja, Ruponda na kwingineko, wengine mkiwa njiani tangu alfajiri, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wahitimu, ambao itifaki inawataja mwisho ingawa bila ninyi sisi wengine wote leo tungekuwa majumbani kwetu: nawasalimu kwa heshima zote.

Kwa wasionifahamu, naitwa Lusiana Komba. Ni mwalimu wa ukunga, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mlezi wa wanafunzi katika chuo hiki cha uuguzi. Leo vijana hawa wanahitimu na mimi ninastaafu, ndiyo maana nimepewa dakika kumi. Niliombwa nizungumzie maadili ya mwanafunzi anayeishi mjini. Nitayazungumzia, ila walioniomba huenda wasifurahi.

Nilipohamishiwa hapa kutoka Songea, wenzangu walinipa pole. Waliniambia Nachingwea ni mji wa zamani wa karanga, umelala. Usingizi huo mimi sikuuona. Nilikuta mji wenye mitaa mipana na soko linalochangamka kabla jua halijachomoza, na msimu wa korosho ulipofika malori yalipanga mstari na kila kona mtu alikuwa na cha kuuza. Nikawakuta wanafunzi wetu. Wanapanga vyumba wawili-wawili, watatu-watatu, mitaa ya nyuma ya soko. Wanapika kwa zamu, wanagombana nani ameunguza mboga, wanapatana kabla ya kunawa mikono. Ijumaa wa msikitini wanakwenda msikitini, Jumapili wa kwaya wanakwenda kwaya. Jumamosi asubuhi wanafua sare, mchana wanasukana nywele barazani, jioni wote uwanjani kwenye mpira. Nimewahi kupita nikamsikia binti akitaja mifupa ya mkono, mmoja baada ya mwingine, kichwa chake kikiwa kati ya magoti ya mwenzake, nusu amesukwa, nusu bado. Alikosa mmoja tu.

Je, huku ndiko mnakokuita kuharibika? Mtoto aliyekulia shambani Lionja, akaja mjini kwa mara ya kwanza, akapata marafiki, akajifunza kupanda bodaboda bila kufumba macho, akagundua kwamba anaweza kusoma na kufurahi ndani ya wiki moja, huyo amepotea?

Ninauliza kwa sababu ya mhitimu mmoja aliyekaa mstari wa tatu. Anaitwa Zulekha Isihaka, wa Ruponda. Jana nilimwomba ruhusa ya kumtaja. Alifikiri kidogo, akaniambia, "Sema tu, mwalimu. Wamekwisha kusema wengi."

Mwaka juzi Zulekha alikuwa anamaliza mwaka wa pili. Jumamosi moja timu yetu ilicheza na vijana kutoka Ruangwa. Mji mzima ulikuwa uwanjani: wanafunzi, wauza samaki, bodaboda, na mimi nilikuwepo na mwavuli wangu. Dakika za mwisho mwanafunzi wetu Dastani akafunga goli. Watu wakaingia uwanjani. Zulekha akacheza. Alicheza kama anavyocheza mtu ambaye timu yake imefunga, akiwa na sketi yake ndefu na kitambaa chake kichwani, na Dastani akicheza pembeni yake. Mtu mmoja akawapiga picha ya video kwa simu, sekunde ishirini hivi. Kufikia Jumapili ilikuwa imeingia kwenye kundi la wazazi na wajumbe wa bodi, na chini yake imeandikwa: "Huyu ndiye atakayewazalisha wake zetu?"

Jumatatu kamati ya nidhamu ikakaa. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Evarist. Ninamsifu Mwalimu Evarist: kwa miaka yote hajawahi kuchelewa kikao, na siku ile aliwahi kuliko siku zote. Zulekha aliitwa, akasimama mbele yetu watu sita.

"Ni wewe huyu?" aliulizwa.

"Ni mimi."

"Ulikuwa unacheza mbele ya wanaume?"

"Mbele ya watu wote, mwalimu. Tulikuwa tumefunga goli."

Akatolewa nje. Chai ikaletwa. Naomba mnisikilize vizuri hapa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Wakati wa chai wajumbe wa kamati walianza kukumbushana maisha yao ya chuo. Mmoja alisoma Morogoro, akatusimulia muziki wa dansi wa kila mwisho wa wiki. Mwingine alisoma Mbeya, akatueleza walivyokuwa wanaruka ukuta wa hosteli kwenda kwenye sherehe. Tulicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Mmoja akasema, na nakumbuka maneno yake, "Ile ndiyo ilikuwa raha ya ujana." Kisha vikombe vikaondolewa, tukaendelea na kikao, tukamsimamisha Zulekha masomo kwa mwaka mmoja.

Dastani hakuitwa. Dastani alipongezwa mstarini asubuhi ileile, akapigiwa makofi. Simlaumu, ni yeye pekee aliyekwenda ofisini kuuliza kwa nini na yeye haitwi, akaambiwa arudi darasani.

Na mimi? Mimi nilikuwa katibu. Nilikuwa uwanjani siku ile, niliona kila kitu, nilijua kwamba hapakuwa na kosa. Sikufungua mdomo. Nilijiambia kwamba mkubwa amekwisha kuamua. Barua iliyosema "mwenendo usioendana na heshima ya taaluma ya uuguzi" niliiandika mimi, na saini iliyo chini yake ni yangu. Kwa hiyo leo nikionekana nina hasira, fahamuni kwamba naanza na mimi mwenyewe.

Ruponda hawakuisoma barua. Walichoona ni binti kashuka na begi katikati ya muhula. Sababu wakaitafuta wenyewe. Kwanza wakamtazama tumbo. Miezi ikapita, tumbo halikukua, wakasema basi atakuwa ameiba. Mama yake, Bi Fatu, aliacha kwenda kisimani na wenzake, akawa anakwenda peke yake.

Wiki ya tatu baba yake alikuja ofisini kwangu. Mzee Isihaka ni mkulima wa korosho na ufuta, na leo yupo hapa, amekaa karibu na binti yake. Alivua kofia, akaniambia, "Mwalimu, mie Kiswahili changu cha sokoni. Barua nimesomewa, sijaelewa. Wanasema ipo picha. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akaitazama mara ya kwanza, akaomba tena. Akaitazama mara ya tatu, simu ameishika kwa mikono miwili. Kisha akaninyooshea.

"Nionyeshe hapo kosa lilipo."

Ndugu zangu, nimefundisha miaka thelathini na miwili, na sijawahi kuulizwa swali rahisi likanishinda namna ile.

Akasema, "Mie naona amefurahi. Nilimleta hapa asome. Sikumleta aje kununa."

Akavaa kofia yake, akaondoka. Hakupaza sauti hata kidogo.

Siku ileile niliandika kwa bodi kuomba adhabu ifutwe. Nikajibiwa kwamba suala limefungwa. Nikaandika tena, likawa bado limefungwa. Barua ya tatu haikujibiwa.

Walioamka ni wanafunzi. Hajra na Mwanabibi walikuwa wakipanga chumba kimoja na Zulekha. Kwa mwaka mzima, karibu kila Jumamosi, badala ya kwenda sokoni au uwanjani, walipanda bodaboda hadi Ruponda na madaftari ya mwaka wa tatu. Walikaa naye wakamfundisha walichofundishwa wiki ile, wakala chakula cha Bi Fatu, wakarudi na vumbi hadi kwenye kope. Hakuna kamati iliyowatuma. Leo Hajra ni muuguzi wa zahanati upande wa Ruangwa, Mwanabibi yuko Lionja, na wote wameomba ruhusa kazini wakaja. Simameni, wanangu, watu wawaone. Hawa walihitimu mwaka jana. Zulekha alitakiwa ahitimu nao. Leo anahitimu na darasa ambalo halikuwa lake, na ninalishukuru darasa hilo kwa kumpokea.

Sasa mtaniambia, si amerudi, si amemaliza, tena kwa mazoezi ya vitendo amekuwa wa kwanza, basi tuyaache? Nilikuwa nafikiri hivyo na mimi, mpaka mwezi wa tatu mwaka huu.

Nilikwenda kuwakagua wanafunzi wodi ya wazazi. Alikuwepo mama mmoja mdogo wa kijijini, uchungu wa kwanza, ameogopa, Kiswahili kimemkimbia chote. Wauguzi walikuwa wanamwambia alale, hataki. Zulekha akamsemesha Kimwera. Akamshika mikono yote miwili, akamsimamisha, wakaanza kutembea, kisha kuyumba pamoja, kulia, kushoto, taratibu, Zulekha akimwimbia kwa sauti ya chini. Yule mama akapumua. Akatabasamu kidogo, kisha akaegemeza kichwa begani kwa Zulekha, wakaendelea kuyumba. Nimefundisha ukunga maisha yangu yote na sijaona mzazi akitulizwa vizuri namna ile.

Zulekha akageuka, akaniona mlangoni. Akaacha palepale. Akasimama wima, mikono ubavuni, akaniambia, "Samahani, mwalimu."

Samahani ya nini? Kwa kazi ipi mbaya? Nilimwambia aendelee, akaendelea, lakini hakuimba tena mpaka nilipotoka. Mtoto alizaliwa salama saa tano asubuhi. Mimi nilikwenda kukaa kwenye benchi nje nikalia, kwa sababu nilielewa tulichokifanya. Tulimchukua binti mwenye furaha ambayo wagonjwa wetu wanaihitaji kuliko vidonge vingine, tukamfundisha kuiombea msamaha. Tangu amerudi, ninyi mliopanga naye mnajua, hajakanyaga uwanjani. Jumamosi anafua, anasoma, anafunga mlango. Wapo wanaomsifu kwamba ametulia. Mimi ninayemjua nasema hajatulia; ameogopeshwa.

Na wako wangapi? Mabinti wangapi wa chuo hiki wanatembea mjini huku wakigeuka nyuma kutazama nani ameshika simu? Kwa nini kijana wa kiume akicheka sokoni ni mchangamfu na dada yake akicheka tunaitisha kikao? Sisi tuliofurahia ujana wetu Morogoro na Mbeya, nani alitupa haki ya kuwanyima wao wa kwao hapa Nachingwea?

Mwanangu Zulekha. Mbele ya baba yako, mbele ya Bi Fatu, mbele ya wote walioiona ile video na wote waliosikia uvumi, nasema hivi: hukufanya kosa. Hukuwa na mimba, hukuiba, hukumvunjia mtu heshima. Ulicheza kwa furaha timu yako ilipofunga goli. Waliokosea ni sisi sita, na mimi nikiwemo. Ninakuomba msamaha. Hulazimiki kunijibu leo, wala kesho.

Mzee Isihaka, swali lako nimekaa nalo miaka miwili. Jibu ni kwamba kosa halikuwepo. Nilipaswa kukujibu siku ile.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, limebaki jambo moja dogo la karatasi. Ile barua bado imo kwenye faili la Zulekha. Wiki ijayo faili hilo litakwenda mahali alikoomba kazi, na atakayelifungua ataisoma kabla ya kusoma alama zake. Jana nilikwenda kwa Mkuu wa Chuo nikaomba iondolewe. Aliniambia mamlaka anayo, ila angependa kulitafakari. Nimemletea barua yangu ya kufuta saini yangu; naiweka hapa mezani, mbele yake.

Wanafunzi mnaobaki, someni kwa bidii, na Jumamosi tokeni nje. Mji huu ni wenu pia. Walimu mnaobaki, mkiwaona wanacheka, wapiteni kwa salamu.

Nawashukuru walionifundisha kazi, walionivumilia ndani yake, na ninyi mliokaa juani mkanisikiliza hadi mwisho. Ratiba inaonyesha kwamba anayefuata kuzungumza ni Mkuu wa Chuo. Nakaa, nami nimsikilize. Asanteni.